Nguo za Juma: kisa cha riwaya ya kwanza katika miezi tisa kabla ya kutoka

Majina ya watu, ya mji na ya kampuni nimeyaondoa. Majina ya wahusika wa riwaya nimeyabadilisha pia, ila nimetafuta majina yanayozaa kosa la aina ileile, kwa sababu bila kosa lenyewe kisa hiki hakisomeki.

Usuli

Mwandishi ni mwalimu wa sekondari katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Aliposaini mkataba alikuwa na miaka 34, mume, watoto wawili na vipindi 26 kwa wiki. Riwaya aliiandika kwa miaka minne, usiku watoto wakishalala na katika likizo za Juni na Desemba. Inahusu mwanamke anayeishi nyumba ya kupanga na kulea watoto peke yake baada ya mume kusafiri na kukata mawasiliano. Kama mume yu hai au amekufa, msomaji hajui mpaka sura ya mwisho. Katika muswada mume huyo aliitwa Idi.

Mchapishaji ni kampuni ndogo ya Dar es Salaam yenye wafanyakazi wanne. Vitabu vya shule ndivyo vinavyolipa mishahara na kodi ya ofisi, riwaya hutolewa moja au mbili kwa mwaka, kwa mapenzi zaidi kuliko hesabu. Mimi ni mhariri wa kulipwa kwa kazi. Niliupokea muswada huu ukiwa mbichi na nikatembea nao hadi prufu ya mwisho, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, kwa hiyo sehemu ya lawama iliyomo humu ni yangu.

Mkataba ulisainiwa Oktoba. Nakala 1,000, bei ya shilingi 15,000, hakuna malipo ya awali, mrabaha (fungu la mwandishi katika mauzo) wa asilimia 10 ya mapato halisi, nakala 10 za bure kwa mwandishi. Aliusoma mara mbili, akauonyesha kwa mumewe, akasaini.

Tarehe inatangazwa

Uhariri ulikwenda vizuri kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari. Sina la kusema hapo, isipokuwa kwamba alikubali kukata sura nzima ya pili bila kulia, jambo ambalo waandishi wenye vitabu vitano huwashinda.

Februari alimpigia mchapishaji kuuliza kitabu kitatoka lini. Akajibiwa: "Tukijaaliwa, katikati ya mwaka kitakuwa tayari." Alipokata simu akachukua kalenda. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, siku ya mapumziko. Tangu UNESCO ilipoipitisha mwaka 2021, siku hiyo ni pia Siku ya Kiswahili Duniani. Riwaya ya Kiswahili kuzaliwa siku ya Kiswahili, nani angekataa? Jioni hiyo akaitangaza kwenye makundi matatu ya WhatsApp: la ukoo, la walimu wenzake na la waliosoma nao chuo. Kufikia asubuhi pongezi zilikuwa zimepita 200.

Alinitumia picha ya tangazo. Nikajibu "Hongera sana!" na sikumuuliza tarehe kaitoa wapi. Mchapishaji naye aliliona, akadhani mimi ndiye niliyempa. Kwa wiki mbili nzima watu watatu tulikuwa tunaiheshimu tarehe ambayo kila mmoja aliamini imewekwa na mwingine. Siku hiyo muswada haukuwa hata umefika kwa mpangaji kurasa.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuulizwa. Sokoni, msibani, kwenye foleni ya benki: "Mwalimu, kitabu kimefika wapi?" Machi na Aprili mchapishaji alikuwa amezama kwenye maagizo ya shule, barua pepe zikawa zinakaa bila kujibiwa. Wakati mmoja kimya kilifika siku 11. Baadaye alinisimulia kwamba siku ya tisa aliandika barua ya kuomba muswada wake urudishwe, akaamini kwamba wamejuta, akailalia usiku mmoja na hakuituma. Simu alikuwa anaifungua hata darasani. Maksi za mtihani wa majaribio zilichelewa na mkuu wa shule akamwita ofisini. Hakuna neno alilokuwa ameandika tangu Oktoba, wala hakutaka kuulizwa habari za kitabu cha pili.

Jalada na shukrani

Jalada la kwanza lilikuja na jahazi, machweo na mnazi ulioinama. Katika riwaya nzima bahari inatajwa mara mbili, zote mbili kama harufu. Mwandishi hakulipenda, lakini akajibu, "Zuri sana, asanteni," kwa sababu aliona haya kumkosoa msanifu ambaye hata hawajawahi kuonana. Siku tisa baadaye mumewe alilikuta kwenye simu akauliza, "Hiki ni kitabu cha wavuvi?" Ndipo akaandika barua ndefu ya kuomba radhi na kukataa kwa pamoja. Jalada la pili, lenye milango minne ya chumba-chumba na ndoo mbele ya mmoja wao, ndilo lililotumika. Kwa haraka ya kubadilisha, msanifu alisahau kurudisha msimbo wa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, upande wa nyuma. Tuliukumbuka kwa bahati.

La shukrani lilikuwa gumu zaidi. Mwandishi alileta kurasa nne zenye majina 63. Kwenye mashine za ofseti alizotumia mpiga chapa wetu, karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu huhesabiwa kwa mafungu ya 16. Riwaya pamoja na kurasa za mbele ilikuwa imesimama kwenye 223. Kurasa 224 ni mafungu 14 kamili. Kwa shukrani za kurasa nne tungefika 227, maana yake fungu la 15 lichapwe kwa ajili ya kurasa tatu, na nyingine 13 zibaki nyeupe au zijazwe matangazo, huku gharama ya nakala zote 1,000 ikipanda. Mchapishaji akasema ukurasa mmoja tu.

Mwandishi alipunguza majina kutoka 63 hadi 19. Aliwakata walimu wake wa msingi, majirani, na katika ukoo akabakiza wazazi, mume na watoto. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa kitabu. Hakuna aliyefikiri, mimi nikiwemo, kwamba baadhi ya waliokatwa walikuwa wameshaambiwa kuwa wamo.

Shangazi anapata habari

Mwanzoni mwa Mei mwandishi aliweka maelezo ya nyuma ya jalada kwenye kundi la ukoo. Binamu yake akayasoma, kisha akamsomea mama yake, yaani shangazi wa mwandishi. Shangazi huyo alilea watoto wanne baada ya mume wake kuondoka kwenda kutafuta maisha. Na mume huyo, ndiyo, aliitwa Idi.

Mwandishi anasema kwamba hakuwa amemwandika shangazi. Nilipomhoji zaidi alikiri kwamba jina lilikuja lenyewe na hakuwahi kulitilia shaka kwa miaka minne. Shangazi hakugomba. Alituma ujumbe kwa mama mtu: "Mwambie nimesikia." Maneno mawili hayo, kwa anayejua ukoo wa pwani, yanatosha kumnyima mtu usingizi wiki nzima.

Jibu la mwandishi lilikuwa kunipigia saa nne usiku akitaka mume wa kwenye riwaya abadilishwe jina. Tulikuwa tumemaliza prufu ya pili. Nilimshauri asubiri, aende kwanza kwa shangazi. Akasema hawezi kwenda mikono mitupu, lazima aende na jina lililokwisha kubadilishwa. Tukaamua aitwe Juma, jina fupi la herufi nne lisilovuruga mistari. Sababu hiyo, kwamba halitavuruga mistari, ndiyo iliyotuponza.

Idi anakuwa Juma

Mpangaji kurasa aliifanya kazi hiyo usiku, kwa kutumia amri ya kutafuta na kubadilisha yote kwa mkupuo. Hakuchagua neno zima wala herufi kubwa. Mhusika alikuwa anatajwa mara 318, kompyuta ikamwambia imebadilisha sehemu 611. Nambari hiyo ingemshtua mtu aliyelala vizuri.

Asubuhi "zaidi" ilikuwa "zaJuma", "baridi" imekuwa "barJuma" na "shahidi" ni "shahJuma". Badala ya kurudi kwenye faili la jana, akaanza kurekebisha neno kwa neno, kisha akanitumia. Nami nikawinda kila Juma aliyegandana na herufi nyingine. Hapo nikakutana na balaa la pili: riwaya imejaa Jumamosi, Jumatatu, juma zima, juma lililopita. Kila nikitafuta, naletewa siku za wiki. Nilipitisha macho haraka haraka nikiamini kosa la aina hii hujitangaza lenyewe.

Halijitangazi lote. Idi ni jina la mtu, na ni sikukuu pia. Mwandishi alizikamata "Sikukuu ya Juma", "sala ya Juma" na "mkono wa Juma", tukacheka sana kwa simu. Sentensi moja ya sura ya sita ikatupita sote watatu. Ilikuwa inasema watoto walitoka uani wamevaa nguo mpya za Idi. Sasa ikawa: watoto walitoka uani wamevaa nguo mpya za Juma. Sarufi yake safi, na ngeli inakubali. Kikaguzi cha tahajia hakina la kusema.

Kwa shangazi alikwenda siku nne baada ya jina kubadilishwa. Alishika miguu, akapewa chai, akatoa prufu na kumsomea sura tatu kwa sauti. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kuhusu jina alisema, "Kina Idi wamejaa mji mzima, wangu ana upekee gani?" Kilichomuuma ni kusikia habari kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kuambiwa na mtoto wa kaka yake. Akaongeza, kwa faida ya fasihi, kwamba mwanamke wa kwenye kitabu analia mno, kwani mwenye watoto wanne hana nafasi ya kulia hivyo.

Mwandishi alitaka kumrudisha Idi. Ilikuwa tarehe 25 Mei na safari hii nilikataa.

Nakala 60

Faili lilifika kwa mpiga chapa katikati ya Juni. Mashine ilikuwa imejaa vipeperushi na kalenda za makampuni yanayojiandaa kwa maonyesho ya Sabasaba. Jibu: nakala 1,000 haziwezi kutoka kabla ya mwisho wa Julai.

Mezani kulikuwa na njia tatu. Kuahirisha uzinduzi, kuzindua bila kitabu, au kuchapa nakala chache kwa mashine ya dijitali. Ofseti ilikuwa imekadiriwa shilingi 4,200 kwa nakala, dijitali ingekuwa 11,500. Mchapishaji alipendelea kuahirisha. Mwandishi alisema hawezi, na sababu yake hakuitoa palepale. Tuliijua baadaye: alikuwa amekopa shilingi 1,200,000 kwenye SACCOS ya walimu, amelipia ukumbi, viti, muziki na pilau ya watu 150, na malipo ya ukumbi hayarudishwi. Tukachapa 60, gharama 690,000, kwa mfuko wa mchapishaji.

Uzinduzi ulipendeza, siwezi kusema vingine. Shangazi alikaa safu ya mbele. Mwalimu wa msingi aliyekatwa kwenye shukrani alifungua ukurasa huo papo hapo, akausoma mara mbili, akafunga kitabu. Ziliuzwa nakala 43, mwandishi akachukua 10 zake, saba zikaenda kwa waandishi wa habari na wauza vitabu.

Siku nne baadaye mwalimu mwingine, mstaafu, alimpigia mwandishi.

"Mwanangu, kitabu kizuri, ila siri umeifichua mapema mno."

"Siri gani, mwalimu?"

"Si mume yu hai? Katuma nguo za watoto, sura ya sita."

Matokeo

Pleti za ofseti, yaani mabamba ya kuchapia, zilikuwa hazijatengenezwa. Tulirekebisha sentensi, nikausoma upya mswada mzima kwa sauti kwa siku tatu bila kudai malipo, nikakuta makosa mengine tisa madogo. Nakala 1,000 zilitoka wiki ya kwanza ya Agosti zikiwa safi kwa kadiri ninavyojua. Walionunua zile 43 tuliwatangazia kwamba watabadilishiwa bure. Waliorudi walikuwa wanane. Shangazi, aliyepewa moja ya zile 10, alikataa katakata, anasema hiyo ya kwake ndiyo iliyosomwa na watu wote wakacheka.

Hadi mwisho wa Desemba zilikuwa zimeuzwa nakala 312 nyingine, zote kupitia maduka. Kwa riwaya ya mtu asiyejulikana, isiyo kwenye orodha ya shule, mchapishaji aliridhika. Mwalimu wa msingi hajazungumza na mwandishi mpaka ninapoandika haya.

Uchambuzi

Nianze na fedha, kwa kuwa ndiyo iliyofanya tarehe isisogee. Mwandishi alisoma "asilimia 10" akaielewa kama asilimia 10 ya bei: 1,500 kwa nakala, milioni moja na nusu kwa nakala 1,000. Kwa hesabu hiyo mkopo wa milioni 1.2 haukuwa wazimu. Lakini mapato halisi ni kile kinachobaki mkononi mwa mchapishaji. Duka likichukua punguzo la asilimia 35, kwenye 15,000 kinabaki 9,750. Asilimia 10 yake ni 975, na hapo bado kodi ya zuio ya asilimia 15 haijakatwa. Zile 43 za ukumbini, zilizouzwa kwa bei kamili, zilimpa 64,500. Zile 312 za madukani, 304,200. Jumla 368,700, toa kodi 55,305, akapokea 313,395. Mkopo ulikuwa bado unakatwa kwenye mshahara.

Nani alipaswa kumfanyia hesabu hii? Mchapishaji anasema mkataba uko wazi. Uko wazi kwa anayejua. Mfano wa mistari minne, wa nakala moja kutoka bei ya jaladani mpaka mfukoni mwa mwandishi, ungetosha, na nimeona mikataba ya kampuni nyingine ikiuweka kama kiambatisho. Simtetei mwandishi kwa kuficha mkopo. Ila mtu huficha kile anachoona aibu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza uzinduzi unagharimiwa na nani. Mchapishaji alidhani ni wageni watachanga, kama harusi.

Kuhusu tarehe, kosa halikuwa kuchagua Sabasaba. Siku yenyewe ilileta watu, na mtangazaji wa redio wa mkoa aliizungumzia riwaya kwa sababu ya Siku ya Kiswahili. Kosa lilikuwa kuitangaza kabla prufu haijasainiwa. "Tukijaaliwa, katikati ya mwaka" kwa mchapishaji ni dua, na kwa anayesubiri kitabu chake cha kwanza ni ahadi. Baada ya tangazo, kila uamuzi ulipimwa kwa tarehe kwanza na kwa kitabu baadaye: jalada bila msimbo, jina lililobadilishwa usiku, nakala 60 za bei mbaya. Ninayeandika haya nilikuwa na nafasi ya kuuliza swali moja mwezi Februari, nikatuma pongezi.

Kimya cha Machi na Aprili kinahitaji kutazamwa peke yake. Kwa ofisi ni msimu wa kazi. Kwa mwandishi ni miezi ambayo muswada umetoka mikononi mwake na hana cha kushika, akaujaza kwa dhana. Ujumbe wa mstari mmoja kila Ijumaa, hata wa kusema hakuna jipya, ungeokoa ile barua aliyoilalia na pengine zile maksi. Tumeanza kufanya hivyo na waandishi wengine. Inachukua dakika tano.

Lililofanya kazi kuliko yote ni safari ya kwa shangazi. Kusoma kwa sauti, ana kwa ana, sura zilezile zinazotiliwa shaka, kulimaliza jambo ambalo ujumbe wa simu ungeliwasha moto. Tatizo ni mpangilio. Angetangulia kwenda, jina lisingebadilishwa kabisa, na watoto wangevaa nguo zao za Idi kwa amani. Tena nadhani wakati mzuri wa safari ile ulikuwa Novemba, muswada ukiwa bado unahaririwa. Orodha ya ndugu wanaoweza kujiona kitabuni ni fupi, na mwandishi yeyote wa riwaya ya nyumbani anaweza kuiandika kwa dakika moja akiwa mkweli. Kwa shukrani ni kinyume chake: waliokatwa walistahili kuambiwa kabla ya kufungua ukurasa mbele ya watu. Simu 44 ni nyingi, najua. Lakini ile ya mwalimu wa msingi ilikuwa moja.

Upande wa ufundi, amri ya kubadilisha yote haifai kutumika kwa jina la mtu katika Kiswahili bila kuwekewa mipaka ya neno zima, maana majina yetu mengi yanaishi ndani ya maneno mengine au yana kazi ya pili. Jaribu Idi, Juma, Siku, Shida, Tatu, Heri. Na hata ukiweka mipaka, "nguo za Idi" itabadilika tu. Lazima mtu apite kwenye kila sehemu iliyobadilishwa, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Kuhusu zile nakala 60 mimi na mchapishaji hatujakubaliana. Yeye anasema ni prufu ya bei nafuu kuliko zote alizowahi kununua: bila haraka ya Sabasaba, kosa la sura ya sita lingeingia kwenye nakala 1,000, na mwalimu mstaafu angelikuta huko. Kihesabu hana kosa. Mimi namwambia kwamba prufu hiyo walioilipia ni watu 43 waliotoka nyumbani siku ya sikukuu na shilingi 15,000 mkononi, na 35 kati yao bado wanaamini kwamba Juma alituma nguo.